Aliondoka kwa Amani

Mmeniuliza neno gani la Kiingereza ni zuri kuliko yote. Najua mnataka niwatajie matatu manne kwa sauti ya kizungu ili mcheke, kama nilivyokuwa nikifanya zamani. Orodha nilikuwa nayo kweli. Nilipoajiriwa ukalimani katika boma dogo la Mbozi, enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita ya pili, nilikuwa na daftari la jalada jeusi ambamo niliandika kila neno lililonipendeza sikioni. "Yonder." "Silver." "Humbly." "Evening." Maana yake sikuijali sana. Niliyasema peke yangu njiani nikienda kazini, na wanawake waliokuwa wakipalilia mahindi kando ya njia walidhani nasali.

Daftari hilo nililichoma mwenyewe. Nitawaeleza kwa nini, kwa sababu baadhi yenu mnaitamani kazi hii, na wanaoifanya sasa hawapendi kuwaambia mabaya yake.

Kwanza mjue mkalimani anasimama wapi. Hasimami katikati, ingawa kila mtu humfikiria hivyo. Anasimama hatua moja nyuma ya Bwana Shauri, yaani ofisa wa Kizungu anayetawala wilaya na kusikiliza kesi, upande wa sikio lake zuri, na macho yake anayaweka kwenye mdomo wa anayesema. Asile vitunguu. Asivae viatu vinavyolia. Akisahau neno aseme amesahau, asijaze pengo. Na asiseme "huyu bwana anasema kwamba." Anasema "mimi." Shahidi akisema nimeiba, wewe unasema nimeiba, kwa sauti ileile.

Kanuni hiyo iliwahi kuniponza. Alikuja Bwana Shauri mgeni, hata wiki hajamaliza, tukasikiliza shauri la mzee mmoja wa Kinamwanga. Mzee akaeleza, nami nikatoa kwa Kiingereza changu safi kabisa: nilimpiga mke wangu kwa fimbo, tena sijuti. Bwana Shauri akaweka kalamu chini, akanitazama, akasema, "Nami nilikuona kanisani Jumapili." Tulitumia asubuhi nzima kumweleza.

Siku nyingine Bwana Shauri alimwandikia jumbe mmoja, mkuu wa kijiji, barua ya kumkataza kuchoma nyasi, na mwishoni akamalizia kama Waingereza walivyomaliza barua zote za serikali, kwamba nina heshima kuwa, bwana, mtumishi wako mtiifu. Mimi nikaitafsiri yote, sikuacha hata nukta. Wiki iliyofuata jumbe akafika bomani na jembe jipya begani. Akasema amefurahi sana kusikia Mzungu ni mtumishi wake, na kwa kuwa shamba lake la ulezi limesongwa na magugu, amekuja kumchukua. Bwana Shauri alicheka mpaka machozi. Mzee Eliya hakucheka.

Eliya ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mngonde, mtu wa ng'ambo ya mto Songwe, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa hata jua likiwaka. Alikuwa amekalimani kwa mabwana shauri sita. Kiingereza chake hakikuwa kizuri kama changu. Alisema kwa vipande vifupi na matamshi yake yalikuwa mazito, nami moyoni nilimwona amepitwa na wakati. Alikuwa na desturi moja iliyoniudhi. Barua ikija, hakuisoma kwa sauti hapohapo. Aliisoma kimya mara tatu, kisha akajiuliza kwa mdomo: "Nani amefanya nini? Sasa yuko wapi?" Mpaka apate majibu, mwenye barua angekaa benchini akisubiri.

"Mzee, maneno yako wazi," nilimwambia siku moja.

"Maneno yako wazi," alisema. "Mimi natafuta jambo."

Januari moja Eliya aliondoka na Bwana Shauri kwenda safari ya kodi upande wa Msangano, nikaachwa ofisini peke yangu na tarishi. Nilifurahi. Nilikalia kiti cha Eliya. Siku ya tatu ikaja barua kutoka ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba, iliyotumwa kwa mkono wa boma kwa mwanamke aitwaye Nanzowa, mkewe Yoramu Simbeye wa Iyula. Nikamtuma tarishi, na kesho yake Nanzowa akafika na baba mkwe wake, mzee Simbeye. Mwanamke alikuwa amembeba binti wa miaka mitatu mgongoni, jina lake Rebeka. Yoramu alikuwa amekwenda migodini mwaka mmoja na nusu nyuma, kama vijana wengi wa huku walivyokwenda.

Barua iliandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa duara, na mwandishi alitia sahihi kama "Sister." Nikadhani ni mtawa wa misheni anayewasaidia wafanyakazi kuandika barua. Sikujua kwamba Waingereza humwita hivyo pia muuguzi mkubwa wa hospitali. Na Kiingereza chake, vijana wangu, kilikuwa kizuri kuliko chote nilichowahi kukisoma. Hakuna neno la ofisi hata moja. Niliipenda barua kabla sijaielewa. Nikasimama, nikaitafsiri kwa Kinyiha, lugha yetu ya kule, papo hapo, mstari kwa mstari:

"Ninasikitika sana kukujulisha kwamba mume wako aliondoka kwa amani asubuhi ya Jumanne. Alipendwa na wote, na mpaka mwisho hakumsumbua mtu. Tutamkosa. Vitu vyake vitafuata."

Aliyeandika alisema "departed," akasema "peacefully." Shuleni tulifundishwa kwamba la kwanza ni kuondoka, kama treni inavyoondoka stesheni. La pili ni kwa amani. Nilikuwa na hakika.

Mzee Simbeye akauliza, "Mbona anasikitika, kama mwanangu ameondoka vizuri?"

Hapo ndipo nilipopaswa kuketi niisome upya. Swali lilikuwa sahihi, na lilitoka kwa mtu asiyejua hata herufi moja. Mimi nikatabasamu nikamjibu, "Baba, anasikitika kwa sababu Yoramu ni mfanyakazi mzuri. Hawakutaka awaache." Hilo halikuwamo kwenye barua. Nililitoa kichwani mwangu.

Nanzowa akafunika uso kwa kanga. Kisha akasema polepole, "Basi anakuja."

"Anakuja," nikasema. "Na vitu vyake vinafuata nyuma."

Eliya aliporudi nilimwambia kuna barua ilikuja, mtu wa Iyula anarudi kutoka migodini. Akauliza kama niliisoma mara tatu. Nikasema ndiyo. Barua yenyewe Nanzowa alikuwa ameondoka nayo.

Nilisikia habari zao kidogokidogo, kama mtu anavyosikia habari za majirani. Nanzowa alisiriba nyumba upya kwa udongo mweupe. Akapika pombe ya ulezi, ikachacha, ikanywewa na wengine, akapika tena. Mzee Simbeye alitembea mpaka Tunduma akakaa kwa ndugu zake pale mpakani karibu mwezi mzima, akisimama barabarani kila lori lilipovuka. Aliwauliza abiria kwa Kibemba chake cha kubahatisha kama wamemwona Yoramu. Mmoja, pengine kwa mzaha tu, pengine alikuwa akimfikiria Yoramu mwingine, akamwambia, "Yule? Ana mke mwingine huko Ndola." Mzee akarudi Iyula na hakumwambia mtu. Lakini hakuwa peke yake barabarani siku ile, na maneno yakafika nyumbani kabla yake.

Nanzowa alivumilia mpaka mahindi yakavunwa. Kisha akarudi kwa wazazi wake Nanyala, na baba yake akapeleka shauri kwenye baraza la mwene, yaani chifu wetu, akitaka ndoa ivunjwe. Alidai kwamba mtu aliyeacha kazi kwa amani, mwenye afya yake, asifike nyumbani kwa miezi sita, amemtupa mke.

Mwene akaagiza mkalimani wa boma aje asome barua tena, kwa kuwa ndiyo ushahidi. Eliya alikuwa mgonjwa wa kifua. Nikaenda mimi.

Baraza lilikaa uani, wazee wanane kwenye viti vya chini. Nanzowa alinikabidhi barua ikiwa imekunjwa ndani ya kitambaa. Nikaisoma kama mara ya kwanza, neno kwa neno. Aliondoka kwa amani. Mzee mmoja akauliza, "Hakufukuzwa?" Nikasema hapana, walisikitika kumpoteza. "Hakuugua?" Nikasema barua haikutaja ugonjwa. Hayo yote yalikuwa kweli kwa jinsi nilivyoyasema, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Mwene akamuuliza mzee Simbeye kama ana la kumtetea mwanawe. Mzee alisimama, akaketi tena.

Ndoa ikavunjwa. Ng'ombe wa mahari wakarudi Iyula, na mtoto, kwa desturi yetu, akabaki kwa ukoo wa baba. Rebeka alikuwa akichezea vumbi karibu na miguu yangu. Shangazi yake, dada wa Yoramu, mwanamke mkubwa mwenye sauti, alimnyanyua akaondoka naye bila kugeuka. Nanzowa hakulia mbele ya watu. Alisema kwa sauti iliyosikika kwa wote, "Huko aliko, asipate wa kumzika." Watu waliguna, kwa kuwa hayo si maneno ya kutamkwa.

Sanduku lilifika Novemba, mvua za kwanza zilipoanza. Lilikuwa sanduku la bati lenye kufuli, limefungwa kamba, na lilikuwa limekaa stoo ya kituo kimoja ng'ambo kwa sababu ya anwani iliyoandikwa vibaya. Juu yake palikuwa na bahasha ya serikali. Eliya aliifungua, akasoma kimya. Akasoma mara ya pili. Akasoma mara ya tatu.

"Yoramu Simbeye wa Iyula," alisema. "Ndiye yule wa barua ya Januari?"

"Ndiye."

"Unaikumbuka?"

Niliikumbuka kwa moyo. Nikaisema yote kwa Kiingereza, kwa majivuno kidogo hata wakati ule. Nilipofika kwenye "departed," Eliya akafumba macho. Nikamaliza. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Uliwaambiaje?"

"Kwamba aliondoka."

"Amekufa," alisema Eliya. "Jiwe lilimwangukia ndani ya mgodi. Alilala hospitali siku nne akafa Jumanne. Yule mama aliyeandika barua alitaka kumwambia mke wa marehemu polepole, basi. Waingereza wanapotaka kukwambia jambo baya huchagua maneno mazuri. Yakiwa mazuri kupita kiasi, ujue kuna mtu amelala chini yake."

Nilitaka kukaa, akanizuia kwa mkono.

"Chukua sanduku. Hatumtumi tarishi, na mimi siendi. Waliamini sauti yako, waisikie hiyohiyo. Na usitafute neno laini. Yapo hata kwa Kinyiha, unayajua. Sema lile fupi."

Kutoka bomani hadi Iyula kwa miguu, na sanduku begani kwenye utelezi, nilifika mchana. Mzee Simbeye alikuwa akitengeneza mpini wa jembe barazani. Aliliona sanduku kwanza. Akainuka haraka kuliko nilivyodhani angeweza, akatazama njia nyuma yangu.

"Vitu vimefika," alisema. "Mwenyewe yuko nyuma?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini swali hilo sikuwa nimeliwazia. Nikaliweka sanduku chini. Nikasema hayupo. Akasema, "Yuko Tunduma?" Ndipo nikalitamka lile neno fupi, kwa Kinyiha. Amekufa.

Aliketi juu ya sanduku. Akauliza, "Tangu lini?"

"Kabla ya barua, baba. Barua ndiyo ilikuwa inasema hivyo. Mimi sikuielewa."

"Siku nilipokuuliza mbona anasikitika."

"Ndiyo."

"Nilipokuwa nasimama Tunduma."

"Ndiyo."

"Na kwenye baraza la mwene."

Nikasema ndiyo tena. Akatikisa kichwa, kana kwamba anahesabu siku zote hizo na kuziweka mahali pake. Kisha akasema, "Nenda ukamwambie yule mwanamke. Wangu waliomo ndani nitawaambia mimi."

Nanzowa nilimkuta Nanyala kesho yake, akianika mihogo karibu na barabara kuu, malori yakipita. Alinikaribisha kwa adabu, akaniletea kigoda. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Hakuuliza amekufaje. Aliingia ndani akatoka na kile kitambaa, akafunua barua.

"Nisomee sasa kama ilivyo," alisema.

Nikasoma. Ninasikitika sana kukujulisha kwamba mume wako alifariki kwa utulivu asubuhi ya Jumanne. Alipendwa na wote, na mpaka mwisho hakumsumbua mtu.

"Kwa utulivu," alisema. "Hilo ni kweli, au ni neno zuri tu?"

Niliijua barua ya serikali. Nilijua kuhusu jiwe na zile siku nne. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilifanya alichonifundisha Eliya, sikujaza pengo.

"Sijui, dada," nilisema.

Akaikunja barua. "Ungeniuliza siku ile," alisema. "Ungeniuliza tu kama Yoramu ni mtu wa kuondoka mahali bila kunitumia salamu. Ningekwambia hapana. Mimi mwenyewe nilijua hapana, lakini wewe ulikuwa na karatasi." Kisha ndipo akaketi chini, kati ya mihogo. "Nilimlaani mbele ya wazee. Nimesema asizikwe, naye amekwisha zikwa."

Niliomba likizo bomani nikaenda matangani Iyula. Hakuna aliyenialika. Kaburi halikuwapo, kwa hiyo walilizunguka sanduku. Ndani yake mlikuwa na blanketi, buti, taa ya kandili, na gauni dogo la mtoto bado lina pini za dukani. Wanawake wa ukoo walijaa ndani kwenye mikeka, wanaume ukumbini. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile isiyokatika.

Siku ya pili Nanzowa akatokea njiani, amejifunga kaniki, kichwa kitupu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni. Dada wa Yoramu akasimama kizingitini.

"Mkeka wa mjane haupo hapa," alisema. "Wewe si mjane. Uliachika barazani, tukarudishiwa ng'ombe. Tena tulisikia ulichomwombea."

Nikapita katikati ya watu. Nikasema mbele ya wote kwamba kosa ni langu, kwamba barua ilisema amekufa na mimi nikasema anakuja, kwamba baraza liliamua kwa maneno yangu. Nilisema kwa Kinyiha, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni. Nadhani nililieleza vizuri.

Yule dada alinisikiliza mpaka mwisho. "Maneno yako tumeyasikia mara mbili," alisema. "Hii ya tatu kaa nayo." Hakutoka mlangoni.

Nanzowa hakubishana. Alirudi nyuma mpaka kwenye kihenge cha mahindi, akaketi ardhini chini ya ukingo wa paa lake la nyasi ambao haukumfunika miguu. Akaanza kulia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea na mtu wa karibu. Wanawake ndani waliendelea na yao.

Niliwahi kusikia hotuba nyingi katika kazi ile, za mabwana shauri, za machifu, za maaskofu. Mzee Simbeye hakutoa hotuba. Alitoka ukumbini akiburuta mkeka wake, akavuka ua kwenye matope, akautandika kando ya Nanzowa. Akaketi. Akamwita Rebeka, mtoto akaja mbio, akampakata katikati yao.

Kwa desturi pole hutolewa alipo baba wa marehemu, na baba wa marehemu alikuwa nje. Wazee wakatazamana. Kisha mmoja akajifunika blanketi kichwani akatoka, na mwingine nyuma yake, wakaenda mmoja mmoja mpaka kwenye kihenge, wakachuchumaa mvuani, wakampa mkono mzee. Na kwa kuwa yule mwanamke alikuwa amekaa palepale, wakampa na yeye.